Opioidi kwa watu wenye afya: kipimo hiki kitumike wapi na kiishie wapi

Mtu asiyeumwa popote anakubali kutumbukiza mkono kwenye maji ya nyuzi joto 1 hadi 4, anadungwa mofini, mojawapo ya opioidi (dawa kali za kutuliza maumivu), kisha anautumbukiza tena. Kinachopimwa ni muda anaostahimili kabla ya kuutoa. Wapinzani wanasema maumivu ya kutengenezwa si ugonjwa. Ni kweli, ila hiyo haitoshi kukitupa kipimo.

Mgonjwa aliyetoka kupasuliwa ana hofu, ana dawa nyingine mwilini, na maumivu yake hubadilika kila saa. Kwa mwenye afya, maumivu hurudiwa kwa kiwango kilekile, na mtu huyohuyo hupewa dawa mpya, mofini na plasebo (dawa bandia isiyo na kitu cha kutibu) kwa siku tofauti, dozi ya kwanza ikishaisha mwilini. Ndiyo maana watu wachache hutosha kuonyesha dawa inaanza kufanya kazi lini na kwa dozi gani.

Mambo madogo huharibu kazi yote. Maji yasipozungushwa kwa pampu, yale yanayogusa ngozi hupata joto na mshiriki huonekana mvumilivu kuliko alivyo. Anayefikia ukomo wa muda uliowekwa wa kuacha mkono majini kabla hata ya kupewa dawa hawezi kuonyesha nafuu yoyote, hivyo achujwe mapema. Aina ya maumivu nayo ina uzito: opioidi hutuliza zaidi maumivu mazito yanayodumu kuliko mchomo wa ghafla, kwa hiyo kipimo kisichofaa huifanya dawa nzuri ionekane haifai kitu.

Gumu zaidi ni usiri, yaani mshiriki asijue amepewa dawa gani. Mofini huleta kizunguzungu, kichefuchefu na kuwashwa. Mshiriki hutambua alichopewa, na kutambua huko hubadilisha matokeo. Katika utafiti wa mwaka 2011, watu 22 wenye afya walichomwa kwa joto huku wakipewa remifentanili, opioidi nyingine, kwa dripu. Walipotarajia nafuu, ilikuwa takribani maradufu ya ile waliyopata bila kujua kuwa dawa inaingia. Walipoambiwa dripu imesimamishwa, nafuu ilitoweka, ingawa dawa iliendelea kuingia kwa kiwango kilekile. Plasebo ya maji ya chumvi haizibi pengo hilo. Inafaa dawa ya kulinganishia inayolevya kidogo bila kutuliza maumivu.

Mfano wa kuzingatia ni oliceridine, opioidi ya kudungwa. Mwaka 2014 wanaume wenye afya walioijaribu kwa maji baridi walionyesha nafuu kubwa kuliko ya mofini, na pumzi zao hazikudhoofika sana. Hata hivyo, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilipoiidhinisha mwaka 2020, iliiwekea onyo la juu kabisa kuhusu uraibu na kudhoofika kwa pumzi, kama opioidi nyingine. Dozi moja kwa kijana mwenye mapafu mazima haisemi lolote kuhusu dozi za mfululizo kwa mzee anayetumia pia dawa za usingizi. Kwa maoni yetu, matokeo haya yatumike kuchagua dozi ya majaribio yanayofuata, yasitumike kutangaza usalama.

Mshiriki mwenyewe hana ugonjwa wa kutibiwa, hivyo hatari yote anaibeba bila faida. Mwenye historia ya uraibu au anayekatikiwa pumzi usingizini asiandikishwe. Oksijeni na naloksoni (dawa inayozima nguvu ya opioidi) ziwe kando ya kitanda, na aliyepewa naloksoni asiruhusiwe kuondoka mapema: nguvu ya naloksoni huweza kuisha ndani ya saa moja hivi, wakati mofini bado imo mwilini.