Mchoro wa viwanja na maji ya mwezi wa tatu

Mwaka juzi nilimsindikiza jamaa yangu kuangalia kiwanja upande wa Uyole, hapa Mbeya, mguuni mwa mlima. Dalali alikuwa kijana mchangamfu, miguu mifupi. Akahesabu hatua ishirini kwenda mbele, ishirini kwenda pembeni, akachomeka kijiti na kutangaza bei. Jamaa akamuuliza kama eneo limepimwa. Akatoa simu, akatuonyesha picha ya mchoro: viwanja vimepangwa kama matofali, barabara zimenyooka, namba juu ya kila kiwanja. Chini kulikuwa na maandishi na muhuri, ila picha ilikuwa na ukungu, hausomeki. Jamaa akauliza maji ya mvua za mwezi wa tatu yanapita wapi. Dalali hakujua. Aliyejibu ni mama aliyekuwa akipalilia maharage shamba la pili: "Yanapita hapo hapo ulipokanyaga, baba."

Nimeukumbuka mchoro ule kwa sababu siku hizi malalamiko kuhusu nyaraka anazotakiwa mtu kupeleka halmashauri kabla ya kukata ardhi viwanja yanatoka pande mbili. Wenye mashamba na kampuni za viwanja wanasema zimezidi. Wanunuzi, hasa waliokwishajenga, wanasema hazitoshi.

Kwa ufupi, anayetaka kugawa ardhi katika eneo la mipango miji hukata viwanja kwa kibali cha mamlaka ya upangaji, ambayo kwa hapa ni halmashauri, chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Anapeleka ushahidi kwamba ardhi ni yake. Anapeleka mchoro ulioandaliwa na mtaalamu wa mipango miji aliyesajiliwa, unaoonyesha viwanja na matumizi yake, barabara, maeneo ya wazi na ya huduma za umma, pamoja na vilivyopo tayari: nyumba, mito, makaburi, nguzo za umeme, mwinuko wa ardhi. Mchoro ukipita ndipo mpima anaingia kuweka mawe na kuandaa ramani ya upimaji, na hati inafuata baadaye. Kama ardhi bado ni ya kijiji, inahusika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Hapo halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wana neno lao kabla ya mtu wa mjini kuanza kuota nyumba ya bati la rangi.

Hoja ya wanaosema nyaraka zimezidi siyo ya kupuuzwa. Kampuni inayokata ekari hamsini ina mpima wake na gari lake. Bibi mwenye ekari mbili za mahindi pale Igawilo, anayetaka kuuza kipande ili mjukuu amalize chuo, anadaiwa mchoro uleule. Gharama ya mtaalamu na mpima inaweza kumeza bei ya kiwanja kizima, na pesa inatakiwa kabla hajauza chochote. Anachofanya kinajulikana: anamwita mjumbe, mnaandikiana kwenye karatasi, serikali ya mtaa inagonga muhuri, biashara imeisha. Masharti yakiwa mazito kwa mtu mdogo, tunaishia na mtaa usio na mchoro kabisa.

Gharama yenyewe haikuondoka, ilisogezwa mbele tu. Miaka kumi baadaye unakuja urasimishaji, wakazi wanachangishana kupimiwa nyumba zilizokwishasimama. Nimekaa kwenye vikao hivyo. Ajenda ni barabara, na barabara inaombwa kwenye uzio wa mtu. Huyu anaambiwa aachie mita moja, yule anasema choo chake ndicho kilichotangulia, wa tatu hayupo, yuko Dar. Gari la kuzima moto haliwezi kuingia, jeneza linatolewa kwa kupitishwa ubavuni mwa nyumba za watu. Nafasi ambayo shambani ilikuwa bure sasa inatafutwa kwa ugomvi.

Upande wa pili una Itezi. Aprili 2024 tope lilishuka kutoka Mlima Kawetele na kufukia nyumba za watu kwenye kata hiyo ya Jiji la Mbeya. Mvua ilikuwa kubwa mno, na sisemi mchoro ungeuzuia mlima usiporomoke. Ila mistari ya mwinuko kwenye mchoro inasema jambo ambalo dalali halisemi: hapa ardhi imelala, hapa imesimama, hapa pana mkondo. Ukinitaka nitoe kitu kwenye orodha ya nyaraka, mistari hiyo nitaigusa mwisho.

Panaponitatiza kweli ni mito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Chukua lile shamba la bibi, ekari mbili, tuseme mita 80 kwa 100, na kijito kinapita upande mrefu. Mita 60 zinakula vipande vitatu kati ya vinne. Anabaki na mita za mraba 2,000. Ukitoa njia, ni viwanja vinne vya ishirini kwa ishirini. Mbeya imejaa vijito vinavyoshuka milima ya Loleza na Kawetele, kwa hiyo bibi huyu hayuko peke yake. Hapa ndipo kishawishi kinapoingia: kwenye karatasi mto unageuka mtaro, au haupo kabisa. Sheria ikimtaka mtu aandike kwa mkono wake habari itakayomnyang'anya robo tatu ya shamba, halafu asiwepo wa kwenda kuangalia, ataandika inayomfaa.

Kwa hiyo siungi mkono upande wowote moja kwa moja. Mwenye ekari mbili apunguziwe, hata kwa majirani kadhaa kuchorewa mchoro mmoja na kugawana gharama. Lakini mambo matatu yasisamehewe hata kwa kiwanja kimoja: njia inatoka wapi, mteremko ukoje, maji yanakwenda wapi. Na yathibitishwe na mtu aliyefika shambani, ikiwezekana msimu wa mvua. Kiangazi kila korongo la Mbeya linafanana na njia ya ng'ombe.

Kuna jambo linalonikera zaidi ya urefu wa orodha. Habari zote hizo zikishapelekwa halmashauri, mnunuzi hazimfikii. Yeye anaona picha yenye ukungu kwenye simu. Kampuni zina sababu za kutopenda michoro ianikwe: matapeli huichukua na kuuza viwanja vya watu, na eneo likiandikwa kuwa lina mkondo wa maji, hata viwanja vikavu vya jirani vinashuka bei. La utapeli nalikubali nusu, maana tapeli anafaidi zaidi pale ambapo mnunuzi hana pa kulinganisha picha yake na mchoro halisi. La bei silikubali. Kiwanja kikishuka bei kwa sababu kina maji, hiyo ndiyo bei yake.

Kwenye ukuta wa ofisi nyingi za mitaa utakuta tangazo la chanjo, namba ya polisi kata na kalenda ya mwaka uliopita. Nakala ya mchoro ulioidhinishwa, yenye namba zinazosomeka na mkondo uliochorwa, ingeenea hapo bila kuondoa hata kalenda.