Tatizo ni malipo, si vipimo

Mwandishi wa makala ninayoijibu anailaumu teknolojia ya uzalishaji kwa kufanya farasi wa mbio wa Kentucky, Marekani, watokane na nasaba chache tu, lakini nadhani lawama hiyo ingeelekezwa kwenye fedha. Kanuni za usajili wa Thoroughbred, aina hiyo ya farasi wa mbio, zinakataza uhimilishaji (kumpa jike mbegu bila dume kumpanda), uhamishaji wa viinitete na hata kuzalisha nakala za farasi; dume na jike ni lazima wakutanishwe wenyewe. Kilichobadilika ni kwamba daktari wa mifugo, kwa kipimo cha ultrasaundi na sindano ya homoni, hujua yai litatoka lini, hivyo kupandisha mara moja mara nyingi kunatosha, na dume aliyekuwa akipandishwa majike 40 hivi kwa msimu sasa anaweza kupita 200. Kwa kuwa ada ya kupandisha kwa kawaida hulipwa mtoto akizaliwa, akasimama na kunyonya, mwenye dume hufaidika na kila jike anayeongezwa, ilhali mnunuzi mnadani hutafuta ukoo unaovuma mwaka huo (uimara wa miguu hukumbukwa baadaye, ukikumbukwa). Jockey Club, chombo kinachosajili farasi hao Marekani, ilipoweka kikomo cha majike 140 kwa mwaka kwa kila dume kati ya madume waliozaliwa kuanzia 2020, mashamba makubwa yalikwenda mahakamani, na mwaka 2022 kanuni ikafutwa kabla haijamgusa hata dume mmoja.