Dudu la Masikio Lije Mbagala Lione

Jana usiku Mama Zuhura kaweka tena ile filamu ya A Quiet Place ya mwaka 2018. Mara ya tatu naiangalia, na kila mara nachukia upya.

Madudu siyabishii. Halina macho, lina masikio, ukipiga chafya umeliwa: nakubali. Mtu aliyewahi kuingia daladala ya Mbagala kupitia dirishani saa kumi na mbili jioni hawezi kubishia viumbe wa ajabu. Wanaonishinda ni binadamu wa humo ndani.

Baba anampeleka mwanawe kwenye maporomoko ya maji, wanapiga mayowe, dudu halisikii kwa sababu maji yanavuma. Halafu wanarudi nyumbani kuongea kwa vidole! Jamani, si mhamie huko? Ingekuwa Dar, pale pangeshajaa vyumba vya kupanga, dalali kasimama njiani anadai kodi ya miezi sita, na ya kwake mwezi mmoja.

Kisha ule msumari. Umechomoza kwenye ngazi, mama mjamzito kaukanyaga peku, damu chapa, na bado haung'olewi. Kuugonga ni kelele, haya. Koleo nalo hamna?

"Baba Zuhura, nyamaza," mke wangu akasema, "watakusikia."

Sinyamazi! Dudu lenyewe linaangushwa na mlio mkali wa kifaa cha sikioni cha binti yao. Yaani Marekani nzima, na majeshi yake, hakuna aliyewaza kwamba kitu chenye masikio makali kitaumizwa na kelele? Yangeshukia uswahilini kwetu usiku wa kigodoro, maiki ikapiga ule mluzi wake, asubuhi tungekuwa tunayakusanya kwa toroli. Yangesalimika hapo, kuna yule wa spika ya "dawa ya mende, kunguni, panya", anapita alfajiri.

Na si hii tu. Kuna 28 Days Later ya 2002, jamaa anaamka hospitali London, siku 28 kapoteza fahamu, wahudumu wote wametoweka, naye anashuka kitandani anatembea. Dripu alikuwa anabadilishiwa na nani? Nyingine dunia imekufa miaka, wanaokota gari barabarani, linawaka kwa mpigo mmoja. Petroli ikikaa muda mrefu hivyo inaharibika! Pikipiki yangu ikilala wiki tu, naipiga kiki mpaka kandambili inakatika.

Basi dudu limemkaribia kichanga, mita ya luku ikalia tii, tii, giza. Uniti zimeisha, na ni mimi niliyesema zinafika Jumapili. Mama Zuhura hakusema kitu. Nyumba nzima kimya.

Ukuta wetu haujafika juu, unaishia chini kidogo ya paa. Ng'ambo ya pili mtu akakohoa. Filamu yenyewe karibu haina maneno, kumbe jirani alikuwa anaifuatilia kwa lawama zangu.

"Baba Zuhura, samahani," akanong'ona, "yule kichanga alipona?"