Bibiena alimnyang'anya mfalme kiti chake kweli?

Kuna hoja inayorudiwa sana na wanaofuatilia historia ya steji za Ulaya, kwamba Ferdinando Galli Bibiena, Mwitaliano aliyekuwa anabuni mandhari za jukwaani, ndo aliyewakomboa watazamaji wa kawaida. Mi naikubali nusu tu.

Kabla yake pespektivu ya jukwaani, yaani uchoraji unaofanya turubai bapa ionekane ina kina, ilichorwa kwa pointi moja katikati, nguzo za kulia na kushoto zote zinakimbilia huko nyuma, sasa mchoro wa hivyo unakaa sawa ukiutazamia sehemu moja tu na hapo ndo alikaa mtawala. Wewe wa pembeni unaona nguzo zimepinda upande. Na mwigizaji akirudi nyuma kidogo tu anageuka jitu, maana nguzo za huko zimechorwa ndogo makusudi ili paonekane mbali.

Bibiena, kwenye kitabu chake cha usanifu kilichotoka Parma, Italia, 1711, akaeleza namna ya kuligeuza jengo linalochorwa likae kwa pembe: kona inakujia wewe, kuta mbili zinaondoka kila moja na upande wake, mistari inaenda kukutana nje ya steji kabisa. Hapa wanaomsifu wapo sahihi, aliyekaa pembeni alipata mandhari inayoeleweka. Halafu jengo linakatwa juu, paa hulioni, akili yako inamalizia yenyewe na steji ya kawaida inakuwa kasri lisilo na mwisho, kwa turubai na rangi tu jamani!

Sema kuna kilichopotea pia. Ile njia ndefu iliyonyooka kwenda nyuma, iliyokuwa inalivuta jicho mpaka mwisho wa mtaa, ikakosa nafasi, na waigizaji bado walibaki mbele.

Na huo ukombozi, wateja wake walikuwa nani? Watawala wa Parma, baadaye Kaizari Karl VI kule Vienna. Mwanawe Giuseppe ndo alichora mandhari ya opera ya Prague 1723, Karl alipotawazwa mfalme wa Bohemia, nchi ambayo mji wake mkuu ni huo Prague. Ukumbi wa opera wa Bayreuth, Ujerumani, uliofunguliwa 1748 na ndani yake ni kazi ya Giuseppe na mwanawe Carlo, una boksi la mtawala, yaani kijichumba chake cha kukaa akitazama, katikati kabisa, limeelekea jukwaani, kwa hiyo kiti kilibaki palepale. Mwanzo ukuu wa mtawala ulikuwa kuona sawa kuliko wengine, sasa ukawa kumiliki majengo ambayo jicho la mtu haliyamalizi. Michoro ya Giuseppe iliyochapwa 1740 imejaa hayo, ngazi na matao makubwa ajabu, watu wadogo chini, na kitabu chenyewe amemtunuku Karl VI.