Haramia wa Bahari na Haramia wa Nakala: Neno Moja kwa Makosa Yasiyolingana

Kati ya maneno tunayoyatumia kumtaja mkosaji, haramia ni miongoni mwa machache yanayotoa hukumu kabla kesi haijasikilizwa. Ndani yake umo mzizi uleule wa haramu, na msikilizaji wa Kiswahili hahitaji kamusi ili ausikie. Lugha nyingi za Ulaya zilipata neno lao kutoka kwa Wagiriki, ambao kwao lilimtaja mtu anayejaribu kushambulia. Lilikuwa neno la kitendo. Letu ni neno la dhambi. Kwa hiyo tulipoyapokea mazungumzo ya kisasa kuhusu uharamia wa vitabu, muziki, filamu na programu za kompyuta, tulilitafsiri jina la kosa kwa neno kali kuliko la asili, na tangu hapo tunamwita kwa jina moja mtu aliyemwelekezea baharia bunduki na mwanafunzi aliyepakua kitabu asichoweza kukinunua.

Wapo wanaoona kwamba hilo ni suala la msamiati tu, na kwamba wizi ni wizi hata ukiitwa jina gani. Wapo wanaojibu kwamba jina ndilo linaloamua adhabu, huruma na hata nani atasikilizwa. Nitazipima pande zote mbili, ingawa sitaficha kwamba nauona upande wa wanaonakili kuwa ndio uliosikilizwa kidogo.

Tuanze baharini, kwa kuwa huko ndiko neno linakostahili uzito wake wote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, katika ibara yake ya 101, unauelezea uharamia kuwa kitendo haramu cha nguvu, cha kuzuilia watu au cha uporaji, kinachofanywa kwa malengo binafsi na watu wa chombo kimoja cha binafsi dhidi ya chombo kingine katika bahari kuu. Ibara ya 105 inairuhusu nchi yoyote kuikamata meli ya maharamia na kuwashtaki waliomo, bila kujali bendera wala uraia wao. Ni makosa machache sana duniani yanayoipa kila nchi mamlaka ya namna hiyo, na sababu yake haiko mbali. Mwezi Machi 2012 meli ya uvuvi Naham 3 ilitekwa karibu na Ushelisheli ikiwa na mabaharia 29. Mmoja aliuawa siku ya kutekwa, wawili walikufa kwa maradhi wakiwa mateka, na 26 waliobaki waliachiliwa Oktoba 2016, baada ya miaka minne na nusu. Mmoja wao alisimulia baadaye kwamba walifika mahali pa kula panya.

Sasa neno lililobeba mateso hayo ndilo lililohamishiwa kwenye karatasi. Uhamisho wenyewe si wa juzi: katika karne ya 17 wachapishaji wa London walikwisha kuanza kuwaita maharamia wale waliochapa vitabu vya wenzao bila ruhusa, na sheria ya kwanza ya hakimiliki ya Uingereza ilianza kutumika mwaka 1710. Marekani, ambayo leo ni miongoni mwa nchi zinazopigia kelele sana uharamia wa kazi za ubunifu, ilikataa kuwalinda waandishi wa kigeni hadi mwaka 1891. Charles Dickens aliizuru mwaka 1842, akalalamika hadharani kwamba riwaya zake zinachapwa na kuuzwa huko bila yeye kupata chochote, na magazeti mengi ya nchi hiyo yakamshambulia kwa kuthubutu kulitaja jambo hilo. Sitaji hayo ili kuwasuta Wamarekani wa leo. Nayataja kwa sababu yanaonyesha kwamba taifa linalojenga viwanda vyake vya uchapaji huliona suala hili kwa jicho moja, na likishakuwa na kazi za kuuza nje huliona kwa jicho jingine.

Hoja ya wenye haki ni nzito, na haipaswi kufanyiwa mzaha. Kitabu, wimbo au programu hugharimu sana katika nakala ya kwanza na karibu bure katika zile zinazofuata. Mtu anayeanzia kwenye nakala ya pili anakwepa gharama yote aliyoibeba mwenzake. Mwanamuziki asiye na kampuni kubwa nyuma yake huumia kuliko yeyote, kwani hana matangazo wala maonyesho makubwa ya kufidia pengo. Kuna pia biashara yenyewe ya nakala, yenye mitambo, wasambazaji na faida, ambayo haina uhusiano wowote na umaskini wa msomaji. Mkataba wa haki za miliki bunifu unaosimamiwa na Shirika la Biashara Duniani, katika ibara ya 61, unazitaka nchi wanachama ziwe na adhabu za jinai kwa uharamia wa hakimiliki unaofanywa kwa kukusudia na kwa kiwango cha kibiashara. Mpaka huo wa kiwango cha kibiashara naukubali. Tatizo ni kwamba matangazo ya kuonya umma huuruka, na kumwambia kila aliyenakili kwamba yeye ni mwizi sawa na mwizi wa gari.

Mahakama Kuu ya Marekani haikukubaliana na ulinganisho huo. Mwaka 1985 iliamua kesi ya mtu aliyekuwa akisafirisha na kuuza sahani za santuri zenye nyimbo za Elvis Presley zilizotolewa bila idhini. Waendesha mashtaka walitaka ahukumiwe, pamoja na makosa mengine, kwa kusafirisha mali ya wizi kutoka jimbo moja hadi jingine. Majaji wengi walikataa. Walisema kwamba anayekiuka hakimiliki huingilia haki ya mwenzake, lakini haishiki hakimiliki hiyo mkononi wala hamnyang'anyi mwenyewe matumizi yake yote, na kwa hiyo sahani zile si mali ya wizi kwa maana ya sheria ile. Mtu huyo hakutoka msafi, kwa sababu makosa ya hakimiliki yalibaki palepale. Kilichokataliwa ni kumbambikia jina la kosa ambalo hakulitenda. Nauona uamuzi huo kuwa wa haki kabisa. Ukinichukulia jembe, silimi. Ukinakili shairi langu, shairi bado ninalo, na nina dai la malipo ambalo nastahili kusikilizwa. Lakini dai la malipo na kilio cha kunyang'anywa ni mambo mawili.

Mtu anayeibishia hoja hii huuliza: basi nani anadhurika neno likizidishwa ukali? Jibu langu ni wasioona. Muungano wa Wasioona Duniani umekuwa ukikadiria kwamba chini ya asilimia 10 ya vitabu vinavyochapishwa hupatikana katika maandishi ya nukta nundu, sauti au maandishi makubwa. Takwimu hii nimeigeuza mara nyingi kichwani, na kila mara inanirudisha kwenye rafu ya vitabu. Chukua rafu yenye vitabu mia moja, uviondoe tisini, na katika vile vilivyobaki usichague wewe. Huenda cha hesabu kimo na cha sheria hakimo. Huenda riwaya imo katika lugha usiyoijua. Nchi zinazoendelea, ambako ndiko waishiko wasioona walio wengi, zimo chini zaidi ya wastani huo.

Sheria ilichangia njaa hiyo kwa namna ambayo wasomaji wengi wanaoona hawaifahamu. Mtu anayemwandalia asiyeona kitabu huanza kwa kukikata uti, akapitisha kurasa zake kwenye skana, kisha huketi siku nyingi kusahihisha yale ambayo mashine imeyasoma vibaya: herufi r na n zimeungana zikawa m, tarakimu 1 imegeuka l, tanbihi imeingia katikati ya aya, na jedwali limemwagika kama nafaka iliyopasuka gunia. Majedwali na michoro inabidi aieleze kwa maneno yake. Akimaliza, kazi hiyo ilipaswa kumfaa kila asiyeona anayejua lugha ya kitabu hicho. Lakini ruhusa ya kutengeneza nakala, pale ilipokuwapo, ilikomea mpakani. Maktaba za wasioona za Hispania na za Argentina zilikuwa na hazina kubwa ya vitabu vya Kihispania, na majirani wenye lugha hiyohiyo walilazimika kuanza upya, kutoka kwenye skana, kwa kuwa kuvituma kungekuwa ukiukaji wa hakimiliki.

Mabadiliko yalikuja katika mji wa Marrakesh. Hapo ndipo, Aprili 1994, mkataba ule wenye maneno ya uharamia wa hakimiliki ulipotiwa saini. Na hapo ndipo, Juni 2013, ulipopitishwa mkataba mwingine unaoruhusu nakala za wasioona kutengenezwa na kuvushwa mipaka bila idhini ya mwenye haki. Ulianza kutumika tarehe 30 Septemba 2016, baada ya nchi 20 kuuridhia. Kati ya kutiwa saini kwa ule wa kwanza na kuanza kutumika kwa huu wa pili ilipita zaidi ya miaka 20. Wawakilishi wa baadhi ya wenye haki walihofia kwamba ungefungua mlango wa uharamia, na siwalaumu kwa kulinda riziki yao. Ninachokilaumu ni neno lenyewe, ambalo liliwezesha hofu hiyo kuonekana ya maana mbele ya mtu aliyekuwa akiomba kitabu cha shule.

Historia ya neno hili imejaa mifano ya watu waliotenganishwa na jina hilo kwa karatasi tu, yaani kibali au leseni. Francis Drake alikuwa haramia machoni pa Wahispania aliowapora, na mwaka 1581 Malkia Elizabeth wa Kwanza akampa hadhi ya Sir. Serikali za Ulaya ziliendelea kuwapa wenye meli binafsi vibali vya kupora meli za adui hadi Azimio la Paris la 1856 lilipokataza jambo hilo. Radio Caroline ilianza mwaka 1964 kurusha muziki kutoka kwenye meli nje ya mipaka ya bahari ya Uingereza, ikaitwa redio ya maharamia kwa kukosa leseni. Sheria iliyopitishwa mwaka 1967 ilizibana redio za namna hiyo, na kabla mwaka haujakwisha BBC ikaanzisha Radio 1, ikiwa na baadhi ya watangazaji waliotoka kwenye meli hizo. Tena sheria ya bahari, ilipoyashughulikia matangazo ya namna hiyo, iliyapa ibara yake ya pekee, ya 109, ikayaacha nje ya maana ya uharamia. Waandishi wa mkataba walijua kutenganisha.

Karatasi huweza pia kumletea mtu jina hilo, na mfano wake ni mwarobaini. Jina lake la Kiswahili linatangaza tiba za maradhi arobaini, na wakulima wa India wametumia mbegu zake dhidi ya wadudu na ukungu tangu kale. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilitoa hataza, yaani hati ya haki ya pekee juu ya uvumbuzi, ya kuua ukungu kwa mafuta ya mbegu hizo kwa Wizara ya Kilimo ya Marekani na kampuni ya W. R. Grace. Hataza hiyo ilifutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005. Waliopigania kufutwa kwake waliuita mwenendo huo uharamia wa kibiolojia, na moyo wangu uko pamoja nao bila kusita. Hata hivyo, nikitaka neno lirudishwe baharini, siwezi kuwaruhusu wao na kuwakatalia wengine. Kosa la kudai uvumbuzi wa kitu kinachojulikana tayari lina maelezo yake ya kutosha, na maelezo hayo ndiyo yaliyoshinda mbele ya majaji.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno hapa. Tuna kunakili bila idhini, kukiuka hakimiliki, kughushi, kudai kisicho chako. Anayechapa maelfu ya nakala za mwenzake na kuziuza ana kosa la jinai, na apelekwe mahakamani kwa jina la kosa hilo. Taasisi inayotambuliwa, kama maktaba ya wasioona, ikimtumia asiyeona kitabu haina tena kosa katika nchi zilizouridhia mkataba wa 2013. Katika nchi ambazo hazijauridhia, kitabu hichohicho, kilichosahihishwa herufi kwa herufi, kikivuka mpaka bado kinaweza kuhesabiwa bidhaa ya uharamia.