Kabla ya Kumpeleka Mtoto Bweni Kusoma Sayansi, Hesabu Watahiniwa

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, simu za wazazi hujaa orodha za shule ambazo darasa zima limepata daraja la kwanza. Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, lakini orodha hazikufa. Zimehamia kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye mabango ya shule zenyewe, na mzazi mwenye mtoto anayeipenda fizikia bado anachagua shule ya bweni kwa kuzitazama.

Simlaumu. Katika mtihani wa mwaka 2022, takriban mtahiniwa mmoja tu kati ya watano nchini alifaulu hisabati. Nchi ikiwa katika hali hiyo, shule ambayo watoto wake karibu wote wanapata A na B za hisabati ina jambo inalolifanya: mwalimu anaingia darasani, vipindi vyote vinafundishwa, madaftari yanasahihishwa. Anayesema matokeo hayana maana hajawahi kuwa na mtoto aliyekaa muhula mzima bila mwalimu wa fizikia.

Shida ni kwamba matokeo huwahesabu waliobaki. Zipo shule binafsi zilizojiwekea wastani wa kuvukia darasa, na mtoto asipoufikia anakaririshwa au mzazi anaitwa ofisini na kuambiwa kwa upole amtafutie shule nyingine. Serikali imekemea mchujo huu zaidi ya mara moja, lakini unaendelea kwa sababu unafanyika kimyakimya. Mtoto anaondoka na godoro lake, na Januari inayofuata bango linasomeka "hakuna aliyefeli".

Mzazi anaweza kulipima jambo hili mwenyewe bila kumuuliza mtu. Fungua tovuti ya NECTA, tafuta matokeo ya upimaji wa kidato cha pili wa mwaka 2022 wa shule unayoitaka, kisha fungua ya kidato cha nne ya mwaka 2024 ya shule hiyohiyo. Ni watoto walewale, miaka miwili baadaye. Kama walikuwa 90 na sasa wako 84, hiyo ni kawaida: wapo wanaohama, wanaougua, wanaokwama ada, na wanaorudia kwa sababu walifeli upimaji wenyewe. Wakiwa wamebaki 60, uliza hao 30 wamekwenda wapi. Ukiwa hapohapo, shuka hadi kwenye jedwali la masomo chini ya ukurasa. Kila somo lina GPA yake, yaani wastani wa ufaulu wa watahiniwa wote wa somo hilo, na kadiri inavyokaribia 1 ndivyo shule ilivyofanya vizuri. Zipo shule zenye sifa ya sayansi zinazobebwa na Kiswahili na Uraia, huku fizikia na hisabati zikiwa mkiani.

Wanaoutetea mchujo wana hoja, na si hoja nyepesi. Wanasema mwalimu hawezi kufundisha darasa moja lenye anayekokotoa kwa kasi na asiyejua sehemu, na kwamba hata shule za Serikali za vipaji maalumu, kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na Msalato, huchukua waliofanya vizuri zaidi darasa la saba. Ni kweli, ubora wa shule hizo kwa sehemu kubwa ni ubora wa watoto wanaoingia. Ila kumchagua mtoto mlangoni na kumtoa akiwa kidato cha tatu si jambo moja. Wa mlangoni alijua masharti kabla hajaanza. Wa kidato cha tatu amelipiwa ada ya miaka miwili, anahamia shule isiyomfahamu mwaka mmoja kabla ya mtihani wa taifa, na anakwenda huko akiamini kwamba hana akili ya sayansi. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu watoto wengi wa namna hiyo walihitaji mwalimu mvumilivu tu.

Baada ya takwimu, nenda shuleni, tena siku ya masomo, wala usisubiri siku ya wazazi. Omba kuingia maabara ya kemia. Kabati lililojaa vifaa ndani ya maboksi yaliyofungwa halikuambii kitu. Tazama meza: zina madoa ya kemikali? Bureti, ile mirija ya kioo yenye koki ya kupimia kimiminika, ziko ngapi, na darasa lina watoto wangapi? Kwenye titresheni, yaani jaribio la kudondosha asidi ndani ya besi hadi rangi igeuke, mtoto anatakiwa afunge koki kwa tone moja, pale njano ya kiashiria cha methaili oranji inapoanza kugeuka kuelekea wekundu. Akizidisha matone machache, namba zake zote zinaharibika. Mkono huo haupatikani kwa kukremu, na mtoto anayeona bureti mara ya kwanza wakati wa moko, mtihani wa majaribio, ameshachelewa. Nimewahi kuonyeshwa maabara moja nzuri sana ambayo hadubini zake zilikuwa bado zimevikwa nailoni za dukani, na mwenyeji wangu alizionyesha kwa fahari.

Muulize pia mwalimu wa taaluma nani anafundisha hisabati kidato cha tatu, na kama ni mwajiriwa wa hapo au anagawana wiki na shule nyingine. Jibu la kuzungukazunguka ni jibu.

Bweni lenyewe lina faida ya wazi, hasa kwa msichana anayetembea mbali na akifika nyumbani anakutana na ndoo na jiko kabla ya daftari. Ndiyo maana uamuzi wa Serikali wa kujenga shule za wasichana za sayansi katika mikoa yote 26 ya Tanzania Bara ni wa maana. Lakini saa za prepu, za kujisomea jioni, bila mwalimu wa kuuliza ni saa za kunakili majibu ya mwenzako.

Mtoto akipangiwa shule ya vipaji maalumu, mimi ningempeleka, hata kama chakula ni ugali na maharage wiki nzima. Asipopangiwa, ningechukua shule ya kawaida yenye mwalimu wa kudumu wa hisabati na maabara iliyochakaa kwa kutumika, hata kama daraja la kwanza ni nusu ya darasa, kabla ya ile ya bango inayopoteza theluthi ya watoto njiani. Na kama fedha ni za kubana, familia isijimalize kwenye ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne. Tangu mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita katika shule za Serikali havina ada, na mwanafunzi mwenye ufaulu mzuri wa sayansi anaweza kupangiwa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) au PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) huko, akitokea shule yoyote ile.