Acheni kununua spika kubwa, mwangwi hautibiwi na watts (nguvu ya spika)

Jamani hili jambo linaniuma, nimekaa kwenye mitambo ya sauti miaka kadhaa sasa na karibu kila ukumbi ninaoingia hali ni ileile, juu bati, chini tailizi, pembeni vioo vitupu, alafu waumini wakilalamika hawasikii mahubiri kamati inachangisha hela inaenda kununua spika kubwa kuliko za mwanzo. Zinafungwa mbele kulia na kushoto, wa mbele wanaumia masikio na wa nyuma bado hawaambulii kitu.

Mama yangu anakaa nyuma karibu na mlango kwa ajili ya miguu. Jumapili moja nilimuuliza mama, mchungaji kahubiri nini, akaniambia "sauti nimeisikia mwanangu, maneno ndo sijayapata."

Na ndo tatizo lenyewe hilo. Sauti inayokuja moja kwa moja toka kwenye spika inapungua kama desibeli 6 (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali ukiongezeka mara mbili, ila mwangwi unaozunguka kwenye bati na kuta uko karibu sawa ukumbi mzima, kwahiyo ukikaa mbali mwangwi unameza maneno, na ukipandisha volume unapandisha vyote viwili.

Mimi nasema hela hiyohiyo nunueni spika ndogo kadhaa, au zile nyembamba ndefu kama nguzo ambazo hazimwagi sauti nyingi juu na chini, msogeze karibu na watu, ziwe juu kidogo ya vichwa na ziinamishwe ziwaangalie watu. Nguo na miili ya watu vinanyonya sauti, bati na ukuta wa nyuma vinairudisha. Kwenye kona msiweke, besi inavimba hadi maneno yanazama. Zile za katikati ya ukumbi zicheleweshwe kidogo kwenye mikisa, yaani ile mashine ya kuchanganya na kurekebisha sauti, sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, kwahiyo spika iliyo mita 17 kutoka za mbele inataka sekunde 0.05 hivi, usipofanya hivyo mtu anasikia neno mara mbili.

Wala sio mambo mapya haya, mwanzoni mwa miaka ya 1950 kanisa kuu la St Paul's kule London, ambalo mwangwi wake unadumu zaidi ya sekunde 10 likiwa tupu, lilifungwa spika za nguzo na mtambo wa kuchelewesha sauti. Kama pale maneno yalisikika hata sisi tunaweza.

Kwetu tulifunga spika nne ndogo kwenye nguzo, tukashusha volume, na mapazia mazito ukuta wa nyuma. Jumapili ile mama alinisimulia mahubiri yote toka mwanzo, kidogo nilie.

Mvua ikinyesha kwenye bati ndo bado tunashindwa, hapo inatakiwa dari na kamati nimeshawaambia.